Mpima Joto la Mwamba

Sekhobe Ramaisa alikuwa na kazi ambayo ukiwaeleza watu wa kwao, kule milimani Lesotho, walidhani unawafanyia mzaha. Aliajiriwa ashuke chini ya ardhi akaliulize jiwe lina joto kiasi gani. Hakuchimba dhahabu wala hakulipua baruti, yeye na jiwe tu. Mama mkwe wake, bibi Masentle, alipoelezwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza alimvuta binti yake pembeni akamwuliza kama mumewe ana akili timamu.

Lakini kazi ilikuwepo, na ilikuwa na maana yake. Machimbo yale ya ng'ambo ya mto, katika nchi ya Makaburu, yalikuwa yameteremka karibu kilomita tatu, na mwamba kadiri unavyouteremkia ndivyo unavyozidi kuwaka. Pale juu, kwenye mlango wa kizimba cha kuteremshia watu, jiwe lina nyuzi kumi na nane, baridi ya mtungi. Kila mita mia, ongeza nyuzi moja na ushei. Ukifika mita elfu moja mia mbili, thelathini na moja. Elfu mbili, arobaini. Elfu mbili mia nane, arobaini na nane, na hapo ukiegemea ukuta kwa mgongo mtupu utaruka mwenyewe bila kuambiwa. Sekhobe alizijua hesabu hizi kama mchungaji ajuavyo kondoo wake, na hakuhitaji karatasi.

Alianza kama wote, na koleo mkononi, mwaka wa sabini na moja. Kilichompandisha ni ukaidi. Siku moja bwana mdogo wa Kizungu, mgeni kabisa katika kazi ya upimaji, alichoka kutembea akataka kupima ukutani palepale, kwenye njia ya zamani ambako upepo wa feni ulikuwa umepita miaka kumi. Sekhobe alikuwa amebebeshwa mkoba wake tu.

“Hapo utapata uongo, bwana,” alisema.

“Jiwe ni jiwe.”

“Jiwe lina ngozi. Hii ngozi imepigwa na feni tangu sijaoa. Ukitaka kulijua, litoboe, mita kumi ndani. Ingiza kipimajoto, ziba kwa tambara na udongo, nenda kalale. Kesho ndiyo litakwambia ukweli.”

Bwana mdogo alikasirika, akapima ukutani, akapeleka ofisini nyuzi thelathini na nne kwa kina cha mita elfu mbili. Mkubwa wake aliitazama karatasi ile na kumwuliza kama alipima mwamba au alipima shati lake. Tangu siku hiyo mkoba ukawa wa Sekhobe, na kwa miaka tisa hakuna aliyempata na nambari ya uongo. Aliringia jambo hilo, tusimfiche. Wenzake kambini walimwita Baba Joto, na jioni wakila ugali na mboga za majani walimchokoza.

“Baba Joto, hebu tuambie, jehanamu ni mita ngapi kutoka hapa?”

“Ya mchungaji wenu siijui. Ninachojua, mita elfu saba na nusu chai inajichemkia yenyewe.”

“Basi weka na sukari kabisa, tukifika tusisumbuke.”

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na angeweza kuzeeka nayo kwa amani, kama asingekuja Potlako.

Potlako alikuwa mdogo wake Mama Thakane, mke wa Sekhobe, kitinda mimba wa bibi Masentle na mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba ile. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mwembamba, mwingi wa maneno, na sauti yake ya kuimba ilisikika bonde hadi bonde. Theluji ya mwaka ule iliua kondoo wa familia, wakabaki saba. Tena alikuwa na mchumba, Nthatisi, na kwao kijana ambaye hajaenda machimboni hata mara moja huketi na wanawake watu wakizungumza, hata kama hakuna anayemwambia aketi huko. Mama Thakane alimwandikia mumewe barua fupi: Baba Thakane, mdogo wangu anakuja, ndiye mwanamume tuliyebakiwa naye, mtazame kama mwanao.

Sekhobe akampokea kituoni.

“Shemeji, umenenepa,” Potlako alisema. “Kumbe huku kuzimu wanalisha vizuri.”

“Ngoja wakuingize chumba cha mvuke, utajua wanalisha nini.”

Hakuna aliyeteremka kwenye machimbo yale bila kupita chumba cha mvuke. Wanaume mia moja huingizwa wakiwa na kitambaa kiunoni tu, mvuke unafunguliwa mpaka humwoni mwenzako, na ngoma ikipigwa mnapanda tofali na kushuka, mnapanda na kushuka, saa nne mfululizo, siku nane. Ni kuuzoesha mwili. Wakitoka wanakaa kwenye benchi, tabibu anapita akiwatia kipimajoto chini ya ulimi. Mwili unaokubali joto unapata kadi ya bluu, na mwenye kadi ya bluu anaweza kupelekwa kina chochote. Mwili unaokataa unarudiwa mara moja. Ukikataa tena, mwenyewe anapandishwa treni na kurudishwa kwao. Ipo miili ya namna hiyo, haina kosa, haikuumbwa kwa joto tu. Lakini nani atawaeleza watu wa kijijini hayo wakaelewa? Watasema kijana kashindwa kupanda tofali.

Potlako alikataliwa siku ya tatu, ya nne na ya tano. Nyuzi thelathini na tisa na nusu chini ya ulimi, na mara ya mwisho alitapika. Akarudiwa. Siku ya tano ya marudio ikawa ileile, na tabibu akamwambia atampima mara ya mwisho siku ya nane.

Jumapili mchana alikaa kwenye kitanda cha Sekhobe, vidole vyake vikichezea uzi wa godoro. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

“Shemeji, nikirudi bila kadi, nitaingilia wapi? Kwa mlango gani?”

“Kwa mlango uliotokea. Mama yako atakupikia.”

“Ndiyo, atanipikia. Na Nthatisi ataolewa na mwenye kadi.”

“Mwili wako hautaki, Potlako. Si aibu.”

“Mwambie hivyo baba yake Nthatisi.” Akaukata ule uzi. “Wanasema kuna watu wanakunywa theluji.”

Sekhobe alijua, kambi nzima ilijua. Unashika maji ya barafu mdomoni mpaka tabibu afikie mtu aliye kabla yako, unayameza, ulimi unakuwa baridi, na kipimajoto kinasoma ulimi. Alikuwa amewadharau watu wa mchezo huo maisha yake yote. Tena vipimajoto vya chumba kile vilitoka idara yake, yeye mwenyewe ndiye aliyevikagua kila wiki, na ndoo ya maji ya barafu ya kuvijaribia ilikaa mlangoni palepale.

Alikataa. Akatoka nje, akazunguka kambi mara mbili. Kisha akaanza kupiga hesabu, na hapo ndipo alipopotea, maana mtu anayejua hesabu huweza kujidanganya vizuri kuliko mjinga. Mita elfu moja mia mbili, nyuzi thelathini na moja. Huko hata bibi kizee angefanya kazi akisuka mkeka. Karani wa mgawanyo wa kazi alikuwa rafiki yake. Potlako akipata kadi, atamwomba karani amweke huko juu, akae hukohuko mwaka mmoja, arudi aoe, asirudi tena machimboni. Nani atakuwa ameumia?

Siku ya nane alisimama mlangoni na ndoo, na wanaume walipotoka kwenye mvuke wakiyumbayumba alimpa Potlako kikombe bila kumtazama. Tabibu alisoma nyuzi thelathini na saba nukta nne. “Umeiva sasa,” akasema, akapiga muhuri. Sekhobe alikuwa hatua tatu kutoka pale. Mtu yule aliyemwambia Mzungu kwamba jiwe lina ngozi, alikubali kuusoma mwili wa shemeji yake kwa ngozi ya ulimi.

Kwa miezi minne mambo yalikwenda kama alivyopiga hesabu. Karani alikubali, Potlako akapangwa mita elfu moja mia mbili, akawa mpakiaji mzuri. Aliimba ndani ya kizimba mpaka nyapara akamwomba anyamaze watu wasikie kengele. Akanenepa. Alijinunulia koti, la kwanza maishani mwake lisilokuwa la marehemu. Jumapili alikuja kwa Sekhobe na kumsimulia harusi ambayo haijafanyika, nani atakaa wapi na nani atalewa wa kwanza.

Kisha mshipa wa dhahabu wa kule juu ukaisha. Mishipa huisha bila kumwuliza mtu.

Wakati huohuo Sekhobe alikuwa ametoboa tundu jipya chini kabisa, mita elfu mbili mia nane, mahali palipofunguliwa wiki ile. Alilala, akarudi, akasoma. Nyuzi arobaini na nane nukta tatu. Akaandika hivyohivyo, kama kawaida yake. Feni kubwa ilikuwa haijafungwa, ingefungwa Alhamisi. Kwa nambari ile ofisi ikatoa amri: mahali hapa wenye kadi ya bluu waende, wasingoje feni. Jumatatu alasiri orodha ikabandikwa ukutani, kundi la watu kumi na wanne kutoka kule juu, na jina la sita lilikuwa la Potlako.

Sekhobe alisimama mbele ya karatasi ile mpaka watu wakaanza kumpita wakimgusa bega. Kisha akaenda bweni la wapakiaji.

“Kesho unaumwa tumbo,” alimwambia.

“Mimi? Nimekula sahani mbili.”

“Potlako, nisikilize. Nimepima pale mwenyewe. Nyuzi arobaini na nane, na feni hakuna. Wewe huna kadi. Una karatasi ya bluu, kadi huna. Unanielewa?”

Potlako alimtazama, akacheka kidogo, si kwa dharau. “Shemeji, hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Mwili umezoea. Umeniona nikiumwa hata kichwa?”

“Huko juu hakukuzoeshi kitu. Huko juu ni kama nyumbani.”

“Na nikisema tumbo leo, kesho nitasema nini? Keshokutwa? Watanipeleka kwa tabibu, atanipima upya. Halafu atauliza ile thelathini na saba ilitoka wapi.” Akashusha sauti. “Watatufukuza wote wawili. Na Mama Thakane na watoto?”

Hapo angesema neno. Ofisi ya tabibu ilikuwa wazi mpaka saa kumi na moja, na kutoka pale ni kupita uwanja tu. Sekhobe alisimama akiwa na kofia mkononi, akaona sura ya mkubwa wake, akaona miaka tisa ya nambari za kweli ikitupwa jalalani, akaona watoto wake watatu. Akasema, “Kunywa maji mengi. Ukiona kizunguzungu, kaa chini, waache watukane.” Basi, hayo ndiyo aliyosema.

Jumanne Potlako aliteremka, akafanya kazi, akatoka. Macho mekundu, midomo imepasuka, lakini alitoka akiimba. “Si nilikwambia, shemeji?” Sekhobe akashusha pumzi, akajiambia imebaki siku moja tu, Alhamisi feni itafungwa. Usiniulize kwa nini mtu mwenye akili yake aliamini hivyo. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Jumatano, saa nne asubuhi, Sekhobe alikuwa mwisho wa pili wa njia ileile akiziba tundu, mara akasikia kengele ikigongwa isivyo saa yake. Aliacha mkoba, akakimbia. Alijua ni nani kabla hajafika.

Walikuwa wamemlaza juu ya mawe na kumvua. Alikuwa amekauka. Mahali ambapo kila mtu alitiririka jasho mpaka viatuni, ngozi ya Potlako ilikuwa kavu kabisa, na Sekhobe alipoweka kiganja kifuani pake alikuta joto ambalo hakuwahi kulikuta kwenye jiwe lolote. Wakammwagia maji, chupa zote kumi na nne. Potlako alikuwa akiwaita kondoo, wale waliokufa kwenye theluji, mmoja mmoja kwa jina, akiwahimiza wapande upesi kwa sababu giza linaingia.

“Potlako. Ni mimi, shemeji yako.”

“Yule mweusi haonekani,” Potlako alisema. “Mama atanigombeza.”

Hakusema tena. Walimbeba mpaka kwenye kizimba, na Sekhobe akapanda naye, kichwa cha kijana kikiwa juu ya mapaja yake. Kizimba kikaanza kupaa. Na akili ya Sekhobe, ile iliyolaaniwa kwa hesabu, ikaendelea kuhesabu bila ruhusa yake: arobaini na tano, arobaini na mbili, arobaini. Upepo ukaanza kupoa. Thelathini na tano. Walipopita thelathini na moja, pale ambapo angekuwa salama, Potlako alivuta pumzi moja ndefu na hakuitoa vizuri. Walipofika juu, kwenye nyuzi kumi na nane, jua la saa tano lilikuwa linawaka na watu wa kwenye lango walivua kofia.

Daktari alimpima safari hii ndani ya mwili, si chini ya ulimi. Arobaini na mbili, na mtu alikuwa amekwisha kufa. Akaomba kadi, akaletewa, akaigeuza pande zote. Safi. Akaandika kwamba marehemu alikuwa amezoeshwa joto ipasavyo, na kwamba sababu haikujulikana.

“Kuna mwenye neno?” aliuliza.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha Potlako hakikumfichua mtu. Sekhobe aliitazama kofia yake, na daktari akafunga faili.

Akamsindikiza nyumbani kwenye sanduku, siku mbili za barabara. Walimzika mlimani, mahali pa mawe, na wanaume wa kuchimba kaburi walilalamika kwamba ardhi imeganda. Sekhobe alichukua sururu akachimba peke yake muda mrefu, wakamwacha, wakidhani ni uchungu tu.

Mwezi ulipokwisha ilifika siku ya kugawa nguo za marehemu, kama desturi. Asubuhi yake Sekhobe alimkuta mkewe nyuma ya nyumba akiosha vyungu vya pombe ya mtama, na akamwambia yote. Ndoo, kikombe, karani, orodha, Jumatatu saa kumi. Hakujitetea. Mama Thakane alisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji.

“Kwa hiyo ulijua,” alisema.

“Nilijua.”

“Mimi nilikwambia mtazame kama mwanao. Thakane ungempeleka huko?”

Mkewe akaanza kulia bila sauti, akiendelea kusugua chungu kilekile ambacho kilikuwa kimekwisha kutakata.

“Nitamwambia mama leo,” Sekhobe alisema. “Mbele ya watu wote.”

“Hutamwambia.” Sauti yake ilikuwa ya chini na ngumu. “Mama hajala siku ngapi, unajua? Kinachomsimamisha ni kitu kimoja tu. Kila anayekuja, mama humwambia, mwanangu hakufa peke yake, alikuwa na baba Thakane, alifia mapajani pake. Hicho unataka kumnyang'anya ili wewe upate nafuu? Hapana. Huo mzigo ni wako, beba mwenyewe. Utaenda kule, utakaa na wanaume, na utanyamaza. Kunyamaza unakujua.”

Watu wakakusanyika uani. Nguo zilikuwa chache, na wajomba wakapewa zao kwanza, suruali, viatu, shati la kanisani. Likabaki koti. Mjomba mkubwa alilinyoshea mkono, maana lilikuwa haki yake, lakini bibi Masentle alilishika.

“Hili nisameheni,” alisema. “Hili ni la mkwe wangu. Wote mnajua ni nani aliyemtazama mwanangu huko ugenini mimi nikiwa siwezi.” Akamgeukia Sekhobe. “Simama, baba. Livae tukuone.”

Sekhobe alisimama. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa akitazama ardhi. Akalipokea koti kwa mikono miwili, akalivaa, akasema asante, mama. Bibi Masentle akamkaribia, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akalinyoosha mabegani kwa viganja vyake.

“Limekukaa,” alisema. “Uwe unalivaa, mwanangu. Kila unaporudi nyumbani, uje nalo kwangu kwanza, nikuone.”

Bibi yule aliishi miaka kumi na sita baadaye, na kila likizo, baridi au jua kali, Sekhobe alipanda kwake akiwa amelivaa, amefunga mpaka shingoni.